Mpenzi Awezaye Kukataa

Hadithi isimuliwayo kwa mchezo wa kompyuta ina tabia moja isiyopatikana katika riwaya wala katika tamthilia: msomaji wake hakai pembeni. Yeye ndiye shujaa. Huchagua jina, sura, na kama atakuwa mwanamume au mwanamke, kisha huingia katika kisa na kuulizwa, kila baada ya hatua chache, atatenda nini na atajibu nini. Katika michezo mingi ya namna hii, mojawapo ya mambo anayoulizwa ni nani atakayempenda. Wenzake wa safari huwa sita, wanane au zaidi. Kila mmoja ana kisa chake, na miongoni mwao wako wawezao kutongozwa. Maneno mema huongeza alama zisizoonekana, zawadi huongeza alama, maneno ya karaha huzipunguza. Zikitimia, na mchezaji akachagua jibu lenye dalili ya moyo, mlango wa mapenzi hufunguka. Lakini kabla ya alama zote hizo kuhesabiwa, programu huuliza swali la awali: mchezaji huyu ni wa jinsia gani? Jibu lake, ambalo ndani ya mashine si zaidi ya tarakimu moja, ndilo lililozusha ubishi wa zaidi ya miaka ishirini juu ya nafasi ya wapenzi wa jinsia moja katika sanaa hii.

Ubishi huo aghalabu huendeshwa kwa hesabu. Huulizwa ni wahusika wangapi wawezao kupendwa na mchezaji mwanamume aliyechagua kumpenda mwanamume, na wangapi na mwanamke ampendaye mwanamke. Kisha kampuni husifiwa au hulaumiwa kwa wingi au uchache huo. Hesabu ina haki yake, na itarudiwa hapa chini, maana mtu aliyenyimwa kiti hawezi kuambiwa autazame kwanza ufundi wa seremala. Walakini hesabu haimwambii mhakiki jambo alitakalo zaidi kulijua, yaani hao wahusika ni watu wa namna gani. Mhusika ampendaye kila ajaye, awe mume au mke, ana moyo wa nani? Na yule asemaye hapana humpa nini mchezaji anayemnyima?

Neno moja juu ya lugha. Kiswahili kina majina ya kuwaita watu hawa, lakini mengi yamebeba matusi, na moja, shoga, lina makao mawili: vinywani mwa wanawake wa pwani ni jina la mapenzi aitwalo rafiki wa kike, na kwingineko hutupwa kama jiwe. Kwa hiyo hapa yatatumika maneno ya kueleza tu. Kwa upande mwingine, Kiswahili kina neema ambayo watungaji wa michezo hii, wengi wao wakiandika kwa Kiingereza, hawanayo. Sarufi yake haiulizi jinsia. "Amefika", "nampenda", "mpenzi wake": hakuna neno hapo limwambialo msikilizaji kama anayesemwa ni mume au mke. Mtungaji wa Kiingereza, akitaka maneno yaliyorekodiwa na waigizaji yamfae shujaa wa kiume na wa kike pia, hana budi kulikwepa lile neno dogo la kumtaja mtu wa tatu, au kulirekodi mara mbili. Kiswahili hujikwaa penye ndoa tu: mmoja huoa, mwingine huolewa, na msimulizi aelezaye ndoa ya wanaume wawili hukimbilia kauli ya kutendana, akasema wameoana, ili asimvishe mmoja wao shela asiyoitaka.

Ndoa ya namna hiyo imo katika michezo hii tangu zamani. Katika Fallout 2, mchezo uliotolewa Marekani mwaka 1998, mchezaji hufika katika kijiji kiitwacho Modoc na kumkuta mzee mmoja mwenye mtoto wa kiume, Davin, na wa kike, Miria. Mchezaji akilala na mmoja wao, mzee huingia kwa ghadhabu na kuwalazimisha waoane, na halijali hata kidogo kama ni mwanamume na mwanamume au mwanamke na mwanamke. Uholanzi, nchi ya kwanza kuihalalisha ndoa hiyo, ilifanya hivyo mwaka 2001. Ni dhihaka, bila shaka. Mwenzi apatikanaye hivyo ni mzigo vitani, na mchezaji hutafuta upesi njia ya kumwacha. Hata hivyo dhihaka ilitangulia sheria kwa miaka mitatu. Katika The Sims, iliyotolewa mwaka 2000, hakuna dhihaka. Patrick Barrett, mmoja wa waandishi wa programu yake, aliandika kanuni za mapenzi pasipo kuuliza jinsia ya wapendanao, na katika maonyesho ya michezo ya mwaka 1999 huko Los Angeles wanawake wawili wa mchezo huo walibusiana katika harusi mbele ya watazamaji. Tukio hilo limesifiwa, na lastahili sifa. Lakini wanasesere wa The Sims hawana lugha ila mlio usio na maana, hawana wazazi wa kuwalilia wala utoto wa kuukumbuka. Wanapendana bila kizuizi kwa kuwa hakuna aliye mtu kiasi cha kuweka kizuizi.

Ugumu ulianza wahusika walipopewa sauti. Mass Effect ya mwaka 2007, kazi ya kampuni ya BioWare ya Kanada, ilimruhusu shujaa wa kike kumpenda Liara, mwanamke kwa sura yake yote, ambaye hata hivyo ameelezwa kuwa wa taifa la viumbe wa nyota nyingine wenye jinsia moja tu. Shujaa wa kiume hakupewa mwanamume yeyote wa kumpenda, wala katika sehemu ya pili ya mwaka 2010. Huo ulikuwa mlango wa nusu: mapenzi ya wanawake wawili yaliingizwa kwa hila, kwa kudai kwamba mmoja wao si mwanamke hasa. Hila hiyo haikuwadanganya waangalizi wa Singapore, ambao mwezi wa Novemba 2007 waliupiga mchezo huo marufuku kwa sababu ya onyesho hilohilo, kisha wakaiondoa marufuku hiyo siku chache baadaye na kuruhusu uuzwe kwa watu wazima. Mwaka 2012, katika sehemu ya tatu, alitokea Steve Cortez, rubani aliyefiwa na mumewe. Shujaa yeyote, mume au mke, humkuta peke yake akiisikiliza sauti ya mwisho ya marehemu iliyorekodiwa. Hakuna kiumbe wa ajabu hapo, wala dhihaka. Ni mjane wa kiume. Na asiyemsaidia kuubeba msiba huo humpoteza katika vita vya mwisho vya London, chombo chake kianguka naye. Msiba wa Cortez ni wake, hata kama mchezaji hana haja naye kimapenzi, na katika hilo yu mbali sana na Liara.

Kati ya michezo hiyo miwili ipo Dragon Age II ya mwaka 2011, ya kampuni ileile, na hapa mhakiki hana budi kukaa kitako. Wenzi wanne wa safari, Anders, Fenris, Merrill na Isabela, waweza kupendwa na shujaa Hawke awe mwanamume au mwanamke. Wako wachezaji wanaume walionung'unika kwamba Anders aliwatupia maneno ya mahaba bila wao kuyataka. David Gaider, aliyekuwa kiongozi wa watungaji, aliwajibu kwamba mapenzi ya mchezo huo hayakutungwa kwa ajili yao peke yao. Jibu lilikuwa la haki. Mwanamke aliyezoea kutongozwa na wahusika asiowataka, na mwanamume apendaye wanaume aliyezoea kutopewa chochote, walikuwa wameuvumilia usumbufu mkubwa zaidi kwa miaka mingi, wala hapana aliyewaandikia barua ya pole.

Lakini sheria hiyo ya kuwafaa wote ilidai malipo, na aliyelipa ni Anders. Mapema katika kisa, Anders huenda kumwokoa rafiki yake Karl, mchawi mwenziwe, na kumkuta amekwisha kutendwa lile ambalo wachawi wa nchi hiyo huliogopa kuliko kifo: amekatwa hisia zake, amebaki mwili mtulivu utiio amri. Fahamu humrudia Karl kwa muda mfupi, naye huutumia muda huo kuomba auawe. Ni onyesho zito, na juu yake hujengwa hasira yote ya Anders hadi siku anapolipua hekalu. Sasa ajabu ni hii. Mchezaji akiwa mwanamume, Anders humwambia kwamba Karl alikuwa mpenzi wake. Mchezaji akiwa mwanamke, halisemi. Karl hubaki rafiki, na Anders hubaki mtu ambaye, kwa yote yajulikanayo na msikilizaji huyo, huenda hajapata kumpenda mwanamume maishani mwake.

Wapo watetezi wasemao kwamba hakuna uongo hapo: mtu aweza kumficha mwanamke amtongozaye habari za mpenzi wa zamani. Utetezi huo ungefaa kama mtungaji angalikuwa ameitunga siri hiyo kuwa siri, akaweka mahali fulani mshtuko wa kufichuka kwake. Hakuweka. Kilichofanyika ni kwamba marehemu amebadilishwa ili yu hai apate kupendeza. Karl, ambaye amekwisha kupoteza roho yake na uhai wake, hupoteza na cheo chake pia kwa nusu ya wachezaji, kwa sababu tu ya tarakimu iliyoandikwa siku ya kwanza walipochagua sura. Mambo ya sasa ya mhusika hutegemea mchezaji, na hiyo ndiyo kanuni ya sanaa hii. Yaliyopita yakianza nayo kutegemea mchezaji, mhusika hana tena mahali pa kusimama.

Gaider mwenyewe, ambaye hajapata kuficha kwamba yeye hupenda wanaume, alijibu kasoro hiyo kwa kazi nyingine. Katika Dragon Age: Inquisition ya mwaka 2014 alimtunga Dorian Pavus, mchawi wa nasaba bora kutoka dola ya Tevinter, mcheshi, mwenye majivuno, mpenda mvinyo na mavazi. Dorian hupenda wanaume tu. Mchezaji mwanamke aweza kumtupia maneno matamu. Atajibiwa kwa mzaha na kwa adabu, atapata urafiki ambao ni miongoni mwa urafiki mzuri kabisa katika michezo hii, na mapenzi hatapata. Si yeye peke yake anyimwaye. Cassandra, askari mwanamke katika mchezo huohuo, hupenda wanaume tu, na mchezaji mwanamke akimtongoza humweka kando na kumwambia kwa upole kwamba haiwezekani. Sera hupenda wanawake tu. Josephine na Iron Bull huwapokea wote. Kukataa, kwa hiyo, kumegawiwa kwa haki. Mpenda wanaume na mpenda wanawake wote wamepewa heshima ya kuambiwa hapana kama watu wazima.

Ila uzito wa Dorian hauko katika kukataa kwake wanawake. Uko katika sababu iliyomfanya aikimbie nchi yake. Jamaa kubwa za Tevinter huozeshana ili kuikusanya nguvu ya uchawi katika damu ya watoto, kama wafugaji wachaguavyo madume. Dorian aliwekewa mchumba, akatakiwa aoe, azae, na anyamaze. Alipokataa, baba yake, Halward, mtu ambaye ndiye aliyemfundisha kuuchukia uchawi wa damu na kuuona kuwa ni kimbilio la wanyonge, alijiandaa kuutumia uchawi huohuo ili kumbadilisha mwanawe awe apendavyo baba. Mwana aligundua, akatoroka. Wawili hao hukutanishwa katika nyumba ya vileo ya kijiji cha Redcliffe, baba akiwa amekuja kwa hila ya barua, na mchezaji akiwa shahidi wa maneno ambayo katika nyumba nyingi hayasemwi mbele ya mgeni. Halward si mnyama. Anampenda mwanawe, na ni katika kumpenda huko alikokaribia kumwangamiza; msomaji wa Kiswahili, ambaye katika fasihi yake ameona baba wengi wakiamini kwamba mtoto ni mali ya ukoo kabla ya kuwa nafsi, hahitaji kufasiriwa onyesho hili. Mchezaji aweza kumshauri Dorian abaki amsikilize baba, au aondoke naye. Hawezi kuwapatanisha kwa neno moja, na pia hawezi kumfanya baba asiwe amekwisha kutenda alilolitenda.

Onyesho hilo humfikia kila mchezaji atakayekwenda Redcliffe pamoja na Dorian, hata mwanamke aliyekataliwa, hata mwanamume asiyemtaka. Linganisha na Karl. Na liko jambo dogo zaidi, ambalo wachezaji wengi hulipita: Dorian asipopendwa na mchezaji, na akawa hutembezwa pamoja na Iron Bull mara kwa mara, wawili hao huanza kupendana wenyewe, kwa majibizano yasikikayo njiani tu, mchezaji akiwa anachuma majani ya dawa au anapanda mlima. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Ni nadra katika sanaa hii mhusika kupenda pasipo shujaa kuwa katikati, na yapendeza kwamba waliopewa uhuru huo ni wanaume wawili.

Kampuni nayo ililipa kwa uhuru huo. Mwaka huohuo wa 2014 wauzaji wa mchezo waliuondoa katika soko la India kwa kuchelea sheria za huko za maadili.

Sasa hesabu irudi, kama ilivyoahidiwa. Katika Inquisition mwanamume apendaye wanaume ana wawili wa kuchagua, Dorian na Iron Bull. Mwanamke apendaye wanawake ana wawili, Sera na Josephine. Kama Sera humchosha kwa utani wake, na Josephine si wa ladha yake, basi karamu imekwisha, na wala hapana mchezo mwingine mlango wa pili. Mtetezi wa Dragon Age II ana haki ya kuuliza kama ukweli wa mhusika wafaa kununuliwa kwa njaa ya mtu ambaye tangu hapo alishiba mara chache. Swali hilo halijibiwi kwa kusifu utungaji. Hujibiwa, kama laweza kujibiwa, kwa kuongeza vyombo mezani.

Wala kufunga mlango peke yake si ufundi. Katika Cyberpunk 2077, mchezo wa Kipolandi wa mwaka 2020, yumo Judy Alvarez, fundi wa kumbukumbu zilizorekodiwa, ambaye humpenda shujaa wa kike tu. Judy ni mmoja wa wahusika waliotungwa vizuri katika kazi hiyo; majonzi yake kwa rafiki yake Evelyn ni ya kweli. Lakini wachezaji wameunda vijiprogramu vya kuondoa kufuli hilo, na lilipoondolewa Judy alimpenda shujaa wa kiume pasipo kisa kizima kuhitaji kutungwa upya. Kufuli lilikuwa mlangoni. Vyumba vya ndani havikujua habari zake. Mtu akifanya vivyo hivyo kwa Dorian, ile nyumba ya vileo ya Redcliffe itaporomoka, maana baba hatakuwa na jambo la kuja kuombea radhi.

Kama mambo yangeishia hapo, hukumu ingekuwa nyepesi: mhusika mwenye mwelekeo wake ni bora, mhusika wa wote ni dhaifu. Baldur's Gate 3, iliyotolewa mwaka 2023 na kampuni ya Larian ya Ubelgiji, imeivuruga hukumu hiyo. Wenzi wake wakuu huwapenda wanaume na wanawake bila ubaguzi, kama wale wa Dragon Age II. Lakini mtazame Astarion. Kwa muda wa miaka 200 alikuwa mtumwa wa bwana mnyonya damu, Cazador, aliyemtuma usiku awavute watu kwa uzuri wake na kuwaleta waliwe, wanaume na wanawake. Huku kuwafaa wote, ambako kwa Anders kulikuwa mahitaji ya duka, kwa Astarion ni jeraha lenyewe. Anapomtongoza mchezaji mwanzoni, hufanya kazi aliyofunzwa. Baadaye hukiri kwamba alikuwa akinunua ulinzi, na kwamba hajui tena kama mwili wake ni wake. Katikati ya kisa mwanamke mmoja muuza dawa za kichawi humtaka amng'ate, kwa malipo makubwa. Astarion hataki. Mchezaji aweza kumsukuma akubali, kwa kuwa malipo ni mazuri. Aweza pia kusimama upande wake. Akisimama upande wake, Astarion humshukuru kwa maneno ya mtu ambaye hajapata kuulizwa.

Historia hiyo haibadiliki kwa jinsia ya msikilizaji. Mwanamume husimuliwa yaleyale asimuliwayo mwanamke, na waliodanganywa na kuuawa hubaki walivyokuwa. Kwa hiyo kosa la Anders halikuwa kupenda wote. Lilikuwa kumkana Karl mbele ya baadhi yao. Wako wanaume na wanawake wa kweli wapendao jinsia zote mbili, na hao nao hawapendi kuona kwamba nusu ya maisha yao hufutwa kila wanapoongea na mtu mpya. Kwao Anders si ukarimu, ni picha ya adha waijuayo.

Dorian alirudishwa mara moja zaidi, katika nyongeza ya Inquisition ya mwaka 2015 iitwayo Trespasser. Baba yake amekufa. Kiti cha ukoo katika baraza la Tevinter ki wazi, na yeye, aliyeikimbia nchi hiyo ili asibadilishwe, ameamua kurudi kukikalia na kuibadilisha nchi. Mchezaji aliye mpenzi wake hupewa kito cha uchawi ambacho kwacho wataweza kusikilizana sauti kutoka mbali. Aweza kukipokea kwa furaha au kwa uchungu, na mchezo umemwekea majibu ya kila moja. Jibu la kumzuia asiende halimo.